Kupima Prosesa ya Viini Vingi Kabla Haijawa Chipu: Mwongozo Kamili

Viini viwili, kila kimoja kinaongeza 1 kwenye hesabu ileile mara 10,000. Kazi ikiisha, hesabu inatakiwa isome 20,000. Usiku mmoja, nyumbani Kampemba hapa Lubumbashi, yetu ilisoma 19,999.

Tulikuwa watu wanne, na tulikuwa tumetumia miezi kuunda prosesa ndogo ya RISC-V (seti ya amri za prosesa iliyo wazi kwa wote) yenye viini viwili, ambayo bado ilikuwa maandishi tu ya Verilog, lugha ya kuelezea saketi, ndani ya laptop. Jaribio hilo lilikuwa limefaulu kila siku kwa wiki tatu. Kijana mdogo kuliko sisi wote akasema, "Mwalimu, ni umeme huo umeyumba, turudie." Tukarudia: 20,000. Tukarudia tena: 20,000. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu ya kweli. Kosa linalotokea kila mara hujitangaza lenyewe. Linalotokea mara moja na kutoweka ndilo linalosafiri na chipu mpaka kwa mtu aliyeinunua.

Nitarudi kwenye ile 1 iliyopotea. Kwanza nieleze kazi yote, kuanzia karatasi hadi chipu, kwa ajili ya mwanafunzi au fundi anayetaka kuunda kitu cha namna hii bila kuwa na maabara. Mwaka 1997 IBM ilitangaza kwamba nyaya za ndani ya chipu zake zitakuwa za shaba badala ya alumini, na viwanda vingine vikafuata. Sisi tuliokulia chini ya lile bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, tunajua jinsi shaba inavyotolewa ardhini. Nataka tujue pia kinachopita ndani yake ikishakuwa chipu.

Vifaa

Laptop yenye RAM ya GB 8 na Linux inatosha kuanzia. Programu zote utakazohitaji ni za bure: Verilator, inayogeuza Verilog kuwa programu ya C++ inayokimbia haraka, GTKWave, ya kuangalia mawimbi ya ishara, Spike, ambayo ni simuleta ya RISC-V inayotekeleza amri moja moja, herd7 na ndugu zake diy7 na litmus7, za kanuni za memori, Murphi, ya kukagua itifaki, na SymbiYosys, ya kuthibitisha vipande vidogo kwa hisabati. Zipakue zote siku moja ukiwa mahali penye mtandao mzuri. Baada ya hapo unaweza kufanya kazi wiki nzima bila megabaiti hata moja.

Umeme ni suala jingine. Hapa kwetu unaweza kukatika saa tatu usiku ukarudi alfajiri, basi panga kazi yako ukijua hivyo. Usiandike jaribio moja la saa kumi. Andika majaribio mia sita ya dakika moja moja, kila moja likiacha matokeo yake kwenye faili. Hata pasipokuwa na tatizo la umeme, majaribio mengi mafupi yenye mianzo tofauti mara nyingi hufichua makosa mengi kuliko moja refu. Kama ni lazima jaribio liwe refu, kwa mfano kuwasha Linux nzima, jenga simuleta (programu inayoigiza prosesa yako) kwa chaguo la --savable la Verilator, na katika programu yako ya kuiendesha agiza hali yote ihifadhiwe kila baada ya muda, ili uendelee ulipoishia.

Maneno mawili kabla hatujaingia ndani. Kiini ni sehemu ya prosesa inayotekeleza programu. Prosesa ya viini vinne ni kama mafundi wanne katika karakana moja. Kashe, kama tunavyoitamka kwa Kifaransa, ni memori ndogo ya haraka iliyo karibu na kila kiini, na huhifadhi data kwa vipande viitwavyo mistari, mara nyingi vya baiti 64.

Hatua ya 1: Andika majibu halali kabla ya kupima

Ukipima kiini kimoja, programu ina jibu moja. 2 ukiongeza 3 ni 5. Viini vikiwa viwili na memori ikiwa moja, programu ileile inaweza kuwa na majibu matatu halali na la nne likawa kosa, au yote manne yakawa halali. Usipojua mapema ni lipi lililokatazwa, hutalitambua hata likipita mbele ya macho yako.

Chukua mfano huu. x na y zote zinaanza zikiwa 0.

Kiini A: andika 1 kwenye x, kisha soma y.
Kiini B: andika 1 kwenye y, kisha soma x.

Je, vyote viwili vinaweza kusoma 0? Akili inakataa, kwa sababu lazima mmoja wao alitangulia kuandika. Mwaka 1979 Leslie Lamport aliipa fikra hiyo maana kamili: matokeo yawe kana kwamba amri za viini vyote zilipangwa kwenye msururu mmoja na kutekelezwa moja moja, huku kila kiini kikifuata mpangilio wa programu yake. Kwa kanuni hiyo, 0 na 0 imekatazwa. Lakini prosesa za x86, zilizomo katika laptop nyingi hapa mjini, zinairuhusu, na kanuni za RISC-V pia zinairuhusu. Sababu ni foleni ya kuandika: kiini huweka andiko lake kwenye foleni yake ya ndani na kuendelea na kazi kabla wenzake hawajaliona.

Mfano wa pili ni wa bendera. Kiini A kinaandika 42 kwenye data, kisha kinapandisha bendera. Kiini B kinaona bendera imepanda, kisha kinasoma data na kukuta 0 ya zamani. x86 inakataza jambo hilo. ARM na RISC-V zinaliruhusu, isipokuwa mwandishi wa programu ameweka amri za kuzuia, kama FENCE, pande zote mbili.

Wa tatu ni mfupi kuliko yote: kiini kimoja kinasoma mahali palepale mara mbili, kwanza kinapata thamani mpya, kisha ya zamani. Hakuna kati ya kanuni hizo inayoruhusu hilo. Usiudharau kwa ufupi wake. ARM Cortex-A9, prosesa iliyokuwa ndani ya simu nyingi, ilikutwa na kasoro hiyohiyo. Watafiti waliipata kwa majaribio madogo kama haya wakati chipu zilikuwa zimeshaingia sokoni, na kampuni yenyewe ikakiri kwamba ni kosa.

Basi fungua daftari. Kila jaribio lipate ukurasa wake, na kila ukurasa uorodheshe majibu yote yanayowezekana, kila moja likiwa na neno "halali" au "haramu". Palipo na shaka, mpe herd7 jaribio pamoja na kanuni za RISC-V, nayo itakuorodheshea majibu halali yote. Kwa muundo wa kwanza nashauri uanze bila foleni ya kuandika. Kiini chako kitakuwa cha polepole, lakini majibu halali yatakuwa machache, na muundo wenye kanuni kali kuliko zile za RISC-V bado ni RISC-V halali. Foleni utaiongeza baadaye, majaribio yakiwa tayari yamesimama.

Hatua ya 2: Kiini kimoja kwanza

Hii ni fupi kwa sababu imeelezwa sana kwingine. Endesha mkusanyiko wa riscv-tests, halafu programu za kubahatisha, na baada ya kila amri linganisha rejista (visanduku vidogo vya namba ndani ya kiini) za kiini chako na za Spike. Tofauti ya kwanza isimamishe kila kitu. Usipite hatua hii ukijiambia kwamba hesabu ni jambo rahisi: mwaka 1994 Pentium ya Intel iligunduliwa ikikosea kugawanya kwa sababu jedwali lake la ndani lilikosa thamani tano, na kosa hilo liliigharimu kampuni dola milioni 475.

Kuna mtego mmoja unaohusu viini vingi. Spike haiwezi kujua ni kiini kipi kilichotangulia kwenye basi la data, yaani njia ya pamoja ya ujumbe, la muundo wako. Kwa hiyo, kiini kikisoma memori ya pamoja, chukua thamani kilichoipata uipe Spike kama ilivyo, kisha uhalali wa thamani hiyo ukaguliwe na chombo kingine. Usipotenganisha mambo hayo mawili utakimbizana na tofauti za uongo kila siku.

Hatua ya 3: Itifaki ya kashe, kwenye karatasi na kwenye Murphi

Fikiria mfanyabiashara wa unga wa mahindi mwenye depo mbili hapa Lubumbashi, moja mtaa wa Kenya na nyingine mtaa wa Ruashi. Mzigo unatoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, wateja ni walewale, na daftari la madeni ni moja, lakini kila depo ina nakala za kurasa inazozihitaji. Kusoma nakala hakuna shida. Tatizo linaanza pale mtu wa Kenya anapotaka kuandika kwamba Mama fulani amelipa. Kabla ya kuandika lazima apige simu Ruashi, aseme "futa ukurasa huo", na asubiri jibu: "nimefuta."

Hiyo ndiyo itifaki ya upatano wa kashe. Ile inayotumika sana huitwa MESI, iliyoelezwa mwaka 1984 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois. Kila mstari wa kashe huwa katika hali moja kati ya nne. M: uko kwangu peke yangu na nimeubadilisha. E: uko kwangu peke yangu, sijaugusa. S: wengine pia wanao, tunasoma tu. I: haufai tena.

Kwenye karatasi hali ni nne. Ukifika kwenye Verilog zitazidi kumi, kwa sababu kati ya kupiga simu na kujibiwa kuna muda, na ndani ya muda huo mambo hayasimami. Mtu wa Ruashi naye anaweza kuwa amenyanyua simu wakati uleule, akitaka kuandika kwenye ukurasa uleule. Angalia jinsi inavyokuwa. Kiini A kina mstari katika hali ya S na kinataka kuandika, kwa hiyo kinatuma ombi la ruhusa. Kabla hakijajibiwa, kinafikiwa na amri ya kufuta kutoka kwa kiini B kilichotangulia. A lazima kifute nakala yake, na ombi lake sasa libadilike: hakiombi ruhusa peke yake, kinahitaji na data mpya pia, kwa kuwa nakala kilichokuwa nayo imekufa. Wengi husahau nusu hiyo ya pili. A kinapata ruhusa, kinaandika juu ya ukurasa wa zamani, na andiko la B linatoweka bila mtu kuona.

Huwezi kuziona njia zote za namna hiyo kwa kichwa. Andika jedwali lako la hali na ujumbe katika lugha ya Murphi, chombo kilichotoka kwa David Dill na wenzake wa Stanford, na kitatembelea kila hali inayoweza kufikiwa, hata zikiwa mamilioni. Mpe masharti matatu ya kulinda: kwa wakati wowote, kama kuna kiini chenye haki ya kuandika mstari, kisiwepo kingine chenye haki ya kuusoma wala kuuandika, anayesoma apate thamani ya mwisho iliyoandikwa, na kusiwe na mkwamo, yaani hali ambayo kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Fanya kielelezo kiwe kidogo: viini vitatu, mstari mmoja, thamani mbili. Hilo huwasumbua wanafunzi wangu, wanauliza kielelezo kidogo hivyo kitathibitishaje mashine ya viini kumi na sita. Hakithibitishi kila kitu. Lakini makosa mengi ya itifaki yanahitaji washiriki wawili au watatu tu ili kutokea, na kielelezo kidogo hukaguliwa chote, bila kubahatisha. Mwaka 1992 kundi la Edmund Clarke huko Carnegie Mellon lilikagua kwa njia ya namna hii itifaki ya Futurebus+, likapata makosa ambayo hayakuwa yameonekana, ingawa kiwango hicho kilikuwa kimesomwa na wataalamu kwa miaka.

Murphi ikipata kosa hukupa safari nzima ya kufikia hapo, hatua kwa hatua. Ichapishe. Ndiyo itakuwa jaribio lako la kwanza kwenye Verilog.

Hatua ya 4: Simuleta iliyokusudiwa kusumbua

Murphi imekagua wazo lako, haijakagua Verilog yako. Sasa jenga muundo mzima kwa Verilator na uufanyie uadui wa makusudi.

Punguza kashe iwe na mistari miwili au minne tu, ili mistari isukumwe nje kila mara. Kashe kubwa huficha makosa kwa sababu njia ya kurudisha data kwenye memori kuu hutumika mara chache. Kisha weka ucheleweshaji wa kubahatisha kwenye kila njia ya ujumbe: jibu moja lije baada ya mizunguko 2 (mzunguko ni mdundo mmoja wa saa ya prosesa), lingine baada ya 90. Ucheleweshaji usipobadilika, viini viwili hutembea kama askari kwenye gwaride, hatua sawa, na kuna migongano ambayo haitatokea kamwe. Wiki zetu tatu za kufaulu zilikuwa gwaride la namna hiyo.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la baiti za majirani. Chukua mstari mmoja wa kashe na uugawe: kiini A kimiliki baiti ya 0, B ya 1, C ya 2, D ya 3. Kila kiini kinaandika kwenye baiti yake pekee, kinakumbuka kilichoandika, na baada ya muda kinaisoma kuhakikisha. Kwa kuwa hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa, jibu sahihi linajulikana kwa uhakika kamili, bila kuhitaji Spike wala herd7. Lakini kwa kashe, viini vyote vinne vinagombania mstari uleule, na unahama huku na huku bila kupumzika. Programu ya kurasa mbili inayosumbua itifaki yote! Ukiwa na siku moja tu ya kupima, tumia siku hiyo hapa.

Na jambo ambalo lilituumiza sisi: kila jaribio la kubahatisha linaanza na namba, mbegu yake. Iandike mbegu kwenye mstari wa kwanza wa faili ya matokeo kabla simuleta haijaanza mzunguko wowote. Usiku ule wa 19,999 tulikuwa tumeongeza ucheleweshaji wa kubahatisha siku hiyohiyo, na mbegu ilichukuliwa kwenye saa ya laptop bila kuandikwa popote. Tulipo"rudia" hatukurudia chochote. Tuliendesha jaribio jingine.

Hatua ya 5: Majaribio madogo ya memori

Sasa rudi kwenye daftari la hatua ya 1. Kila ukurasa uwe programu ndogo inayozunguka maelfu ya mara, kila kiini kikianza na idadi tofauti ya amri tupu, zisizofanya chochote, ili nyakati zisilingane. Diy7 itakutengenezea mamia ya majaribio ya aina hii. Mwisho hesabu: jibu hili lilitokea mara ngapi, lile mara ngapi.

Jibu haramu likitokea hata mara moja, kuna kosa. Hilo ni wazi. Lisilo wazi ni kinyume chake: ikiwa muundo wako una foleni ya kuandika, na ile 0 na 0 haijatokea hata mara moja katika majaribio laki moja, usifurahi. Jibu hilo ni halali na foleni ipo, lingetakiwa kuonekana. Kutoonekana kwake kunakuambia kwamba jaribio halifiki mahali penye hatari, kwa hiyo huenda hata majibu haramu hayajapewa nafasi ya kujitokeza. Badilisha nyakati, weka x na y kwenye mistari tofauti ya kashe, jaribu tena mpaka uione.

Hatua ya 6: Walinzi ndani ya Verilog

Jaribio la nje huona kosa likiwa limeshasafiri. Mlinzi wa ndani huliona mlangoni. Andika kauli za assert ndani ya muundo wenyewe: viini viwili visiwe na mstari mmoja katika hali ya M kwa pamoja, jibu lisifike bila ombi, foleni iliyojaa isipokee. Kwa mkwamo, weka kihesabu kwa kila ombi, na likipita mizunguko 10,000 bila kujibiwa, simuleta isimame.

Vipande vidogo kama mwamuzi wa basi vipeleke kwa SymbiYosys. Huko utathibitisha kwamba kila anayeomba atapewa zamu ndani ya mizunguko fulani, kwa mpangilio wowote wa maombi unaowezekana.

Pia chora jedwali: safu moja kwa kila hali ya kashe, safu wima moja kwa kila ujumbe. Hali 12 na ujumbe 7 ni visanduku 84. Simuleta iweke alama kila kisanduku kinapotokea. Vilivyobaki vyeupe ama haviwezekani, na hapo andika sababu, ama hujavipima.

Hatua ya 7: Haribu muundo wako mwenyewe

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na inanisikitisha, kwa kuwa haihitaji kifaa chochote. Chukua nakala ya Verilog yako na utie kosa kwa mkono. Ondoa kusubiri jibu la "nimefuta". Acha kurudisha mstari wa M kwenye memori kuu unaposukumwa nje. Mpe kiini A kipaumbele cha kudumu mpaka B kikose zamu. Kisha endesha majaribio yako yote bila kubadilisha hata moja.

Tulipofanya hivyo mara ya kwanza tulitia makosa kumi, na majaribio yetu yakakamata sita. Manne yalipita na kutupa alama ya kufaulu. Tulikaa kimya pale mezani, bukari, yaani ugali wetu, ikipoa. Kila kosa lililopita lilituonyesha jaribio ambalo hatukuwa tumeliandika, na tuliyaandika yote kabla ya kugusa muundo tena.

Hatua ya 8: Bodi ya FPGA

Tuseme simuleta yako inakwenda mizunguko 100,000 kwa sekunde. Bodi ya FPGA, yaani chipu ambayo saketi zake unaweza kuzipanga upya mwenyewe, ikienda kwa MHz 50 hufanya kwa sekunde moja kazi ambayo simuleta ingeifanya kwa dakika zaidi ya nane, na kwa saa moja kazi ya karibu siku 21. Makosa ya nadra sana hupatikana hapa tu. Bodi za familia ya ECP5 zina faida kwamba Yosys na nextpnr, ambazo ni za bure, zinazijenga kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hamishia majaribio yote ya hatua ya 4 na 5 kwenye bodi, halafu washa Linux kwa viini vyote na uendeshe stress-ng, programu ya kuichosha mashine, usiku kucha. Hasara ya FPGA ni giza: huoni ishara za ndani kama kwenye GTKWave. Kwa hiyo ingiza mapema memori ndogo inayorekodi ujumbe wa mwisho wa kashe, tuseme 1,024, na inayojifunga mlinzi anapopiga kelele.

Angalia pia saa. Sehemu mbili zinazoendeshwa na saa tofauti hazikupimwa ipasavyo na simuleta ya kawaida. Kila ishara inayovuka kati yake ipitie saketi ya kusawazisha. Na tumia stabilaiza nzuri. Oktoba, joto la Lubumbashi likiwa kileleni na volti zikipanda na kushuka, usitake kukisia kama kosa ni la Verilog au la ukutani.

Hatua ya 9: Chipu ikirudi kutoka kiwandani

Wachache wetu watafika hapa karibuni, lakini maamuzi yake hufanywa sasa, kwenye Verilog. Weka mlango wa JTAG wa kuchungulia ndani ya chipu, kiwango kilichopo tangu mwaka 1990, na vihesabu vya matukio ya kashe. Weka swichi ya kuzima kila kitu cha ziada ulichobuni. Mwaka 2007 AMD ilikuta kosa katika prosesa zake mpya za viini vinne, mahali ambapo kashe ya pamoja inakutana na jedwali la kurasa za memori. Njia ya kulikwepa ilipatikana, lakini ilipunguza kasi, mpaka toleo lililorekebishwa lilipotoka mwaka 2008. Mwaka 2014 Intel ililazimika kuzima TSX, amri za miamala ya memori, katika prosesa zilizokuwa zimeshauzwa. Waliweza kwa sababu palikuwa na njia ya kuzima.

Chipu nzima ipimwe kwa volti, kasi na joto tofauti, na kila kiini peke yake. Mwaka 2021 wahandisi wa Facebook walieleza kiini kimoja ambacho, kikipewa 1.1 kwa kipeo cha 53 na kuagizwa kubaki na namba nzima, kilitoa 0 badala ya 156. Viini vingine havikuwa na tatizo, na mashine haikutoa onyo lolote.

Kosa likitokea: namna ya kulifuata

Sasa ile 1 iliyopotea. Mbegu hatukuwa nayo, kwa hiyo tuliandika programu ndogo ya kuendesha jaribio kwa mbegu 1, 2, 3 na kuendelea, na kusimama hesabu isipofika 20,000. Kila mbegu ilichukua sekunde kadhaa. Umeme ulikatika kwenye mbegu ya 140 na kitu. Tuliendelea asubuhi kutoka pale faili ilipoishia. Mbegu 317 ikatoa 19,999. Tukaiendesha tena: 19,999. Kila mara.

Kuanzia hapo ni kupunguza. Usifungue mawimbi ya jaribio zima, utazama. Tulirekodi kila kuongeza kulikofaulu pamoja na thamani yake, tukatafuta thamani iliyoandikwa mara mbili. Ilikuwepo moja: viini vyote viwili viliandika 6,482. Tukaagiza simuleta itoe mawimbi ya mizunguko 300 tu kuzunguka tukio hilo.

Kuongeza hesabu kwenye RISC-V tulikufanya kwa amri mbili: LR husoma na kuweka alama mahali pale, SC huandika endapo tu alama haijafutwa, na mtu mwingine akiandika hapo katikati, alama lazima ifutwe ili SC ishindwe na kiini kirudie. Kwenye GTKWave tuliona amri ya kufuta kutoka B ikifika kwa A katika mzunguko uleule ambao SC ya A ilikuwa inasoma alama. Rejista ya alama ilifutwa mwisho wa mzunguko, kama rejista zote. SC ilikuwa imeshaisoma ikiwa bado imewekwa. Ikajiona imeruhusiwa, ikauomba mstari upya, ikaupata ukiwa na 6,482 ya B, na kuandika 6,482 yake juu yake.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja wa Verilog: SC isome alama pamoja na ishara ya kufuta inayoingia mzunguko huohuo, na mojawapo ikikataa, ishindwe. Tuliongeza mlinzi anayepiga kelele SC ikifaulu katika mzunguko wenye amri ya kufuta kwenye mstari uleule, na kosa lenyewe tukaliingiza kwenye orodha ya yale tunayoyatia kwa mkono katika hatua ya 7. Mbegu 317 huendeshwa ya kwanza kila jioni, kabla ya nyingine zote, mara mbili: kwa Verilog ya zamani, ambako lazima itoe 19,999, na kwa mpya.